Mama Marthe na Wakundaji Wanne

Tarehe 30 Juni Mama Marthe Byamungu anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kufanya kazi katika maabara yetu ya samaki hapa Mbarara. Mimi, Mbabazi, nimekaa naye meza moja miaka kumi na minane, kwa hiyo mnivumilie nikimsifu kupita kiasi.

Alitoka Uvira, akafikia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akaanza kwetu kama mfagiaji. Kila Jumatatu alidamka kuwahi gari la kutoka Rwekubo kuja mjini, na hakuchelewa hata mvua ilipobomoa barabara. Siku moja akapanga upya kabati zima la mitungi ya samaki bila kuombwa. Mkuu wa maabara alikuja juu, kisha akakagua, akamkabidhi kabati.

Ana mazoea yake: samaki haingii kwenye spiriti ya kumhifadhi kabla hajamchora kwa penseli za rangi. Tulimtania sana, tukimwita msanii wa mikia. Miaka mitatu iliyopita tuliletewa kutoka pwani ya Mombasa, ndani ya barafu, wakundaji kumi na wawili, samaki wa baharini wenye ndevu mbili kidevuni. Wanne aliwachora mikia yenye mistari mingi kuliko wenzao, akawatia mtungi wao peke yao. Baada ya mwezi spiriti ilikuwa imewafuta rangi wote.

Januari mwaka huu mtaalamu mgeni akakata shauri: wote ni aina moja, wachanganywe. Wangechanganywa, hakuna ambaye angewatambua tena. Mama Marthe alikataa katakata, akaufungia mtungi kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Loo, tuliona aibu! Kwa miezi miwili alipima kila udevu na kuhesabu vijimeno vilivyo ndani ya matamvua, kisha akampelekea yule bwana vipimo pamoja na michoro. Wale wanne walitofautiana na wenzao kila alipopima. Majibu yalikuja Mei: amekubali, ni aina ya peke yake, haimo katika kitabu chochote, na Mama apendekeze jina.

Sote tulitaka liwe jina lake. Akatukatalia: "Jina atamupa ule mwenye atamuona mu mayi, angali muzima." Yaani, jina litoke kwa atakayemwona samaki huyo majini, akiwa bado hai.

Haya, Mama. Hati yako ya kusafiria imetoka, na tiketi ya Mombasa tumekukatia sisi wenzako. Asante kwa kazi, na kwa ukaidi, tutakukosa sana. Ustaafu wako uwe wa raha na afya. Nenda ukamwone samaki wako, utuletee jina.