Anestis Karadimas, Aliyezikwa Kwanza kwenye Filamu

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, tunayemsindikiza leo ni Anestis Karadimas, aliyezaliwa hapa Perama tarehe 9 Machi 1963, mtoto wa pili wa mzee Prodromos, mchomelea vyuma. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akaingia shule ya ufundi Keratsini, akaacha mwaka 1979 ili amfuate baba yake kwenye ukarabati wa meli, akachomelea hadi Februari 2011 karakana ilipofungwa, na tangu hapo hakupata kazi tena.

Alifunga ndoa na Evanthia tarehe 4 Septemba 1988, wakajaliwa Lefteris, mwaka 1990, na Despina, mwaka 2006, aliyeacha shule mwaka jana ili amuuguze. Lefteris alikwenda Stuttgart kutafuta kazi mwaka 2012, na baba hakuwa na ombi jingine ila mwanawe arudi, hata kwa Pasaka moja.

Oktoba 2016 alikuja mwongozaji wa filamu kutoka Athens, akitaka kuonyesha mazishi ya fundi asiye na kazi katika kanisa hili hili, akamchagua Anestis alale jenezani. Alikubali akisema, "Lefteris hapitwi na sinema ya kwetu, akiniona nimekufa atakuja mbio." Mama alipoombwa achemshe ngano ya wafu, ile wanayogawiwa waombolezaji mazishini, alitema mate mara tatu kufukuza mkosi, akasema, "Simpikii marehemu anayekoroma kitandani kwangu!" Majirani walijaa hadi nje, na hakuna aliyehitaji kufundishwa kulia, maana kila mmoja alikuwa na kazi yake iliyokufa, ila mwongozaji hakuridhika, akawa anasema, "Inuka, mzee Anestis, tunarudia."

Filamu ilipata tuzo nchi za nje, ikasifiwa kuwa inaonyesha Ugiriki ilivyo, lakini Perama haina jumba la sinema, na yeye hakuiona. Lefteris aliiona huko Stuttgart, akapiga simu akilia, "Baba, nimetoka ukumbini kabla hawajakufunika," naye akamwuliza, "Kwa hiyo unakuja?" Hakuja.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari 2022, akalazwa mara kadhaa, akafariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, akiwa ameuelekeza uso mlangoni. Nilipomwarifu Lefteris kwa simu alisema, "Nilishamzika, Despina, peke yangu gizani, kati ya watu nisiowajua. Mara ya pili siwezi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa hewa hadi mwisho, mafundi wenzake waliobeba jeneza, na ninyi majirani wa viti vya mbele, maana vya nyuma vi wazi, wengi waliolia kwenye filamu wameshahama. Ngano, mama ameichemsha.

Pumzika, baba. Safari hii hakuna atakayekwambia inuka, tunarudia.