Goti la Kagwe na Viatu Ndani ya Unga

Ka! Goti la Kagwe lililia usiku akiinuka kumbembeleza mtoto, na mimi sikulala tena, maana Jumamosi mume wangu anakimbia mchujo kule Thika, akipita anaandikwa kazi ya kukimbia, na hilo goti likiisha je, nani atatulisha? Asubuhi nikambeba Lynn mgongoni nikaenda kwa Nzilani, anayeuza kahawa kwenye kona ya kuingia Membley, kwa sababu benchi lake halikosi watu wa kujua kila kitu.

Spana, fundi wa magari, alisema gegedu, ile nyororo inayokaa katikati ya mifupa ya goti, ni kama bushi ya gari, ule mpira wa katikati ya vyuma: lami huila kidogo kidogo mpaka chuma kigonge chuma. Profesa, ambaye hajawahi kufundisha mahali, akamkatiza.

— Ni viatu. Hao wa ng'ambo wamechoka kushindwa na sisi. Wanatuletea soli laini, kumbe ndani kuna kitu cha kumaliza magoti.

— Na hiyo supu anakunywa pale stegi ya matatu, Nzilani akasema, ni mifupa ya nani?

Spana akataka hata kocha achunguzwe. Kila neno liliniingia, nikashindwa kunyamaza, nikawaambia viatu vya Kagwe nimevificha ndani ya pipa la unga, hakimbii mtu.

Wakanisifu. Profesa hata akaninunulia kahawa.

Mwisho wa benchi aliketi Payal, mwenye duka jipya la vitambaa, mara yake ya kwanza hapo.

— Na yeye mwenyewe, mama, hilo goti linamuuma?

Nikamwangalia Spana. Spana akamwangalia Profesa. Profesa akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Mimi ninayelala naye sikuwa nimemuuliza.

Mara Kagwe huyo, amevaa malapa, anatukagua miguu mmoja mmoja.

— Kuna mtu ameniibia viatu. Spana, hivyo vyako umetoa wapi?

Spana akavuta miguu chini ya benchi. Nikauliza haraka, na goti je?

— Goti? Linalia tu nikichuchumaa. Haliumi, halivimbi, na daktari wa timu ameliangalia. Kinachoniuma ni viatu.

Akaondoka kuuliza kwa watu wa mitumba. Nzilani akainamisha birika, halikutoa hata tone.

— Kimbia uvirudishe uvunguni mwa kitanda, Mama Lynn, Spana akaninong'oneza. Na uvipanguse huo unga. Ni mimi ananishuku, lakini hatasikia kwangu.

Profesa akasema hata kwake hatasikia, na Payal akaitikia kwa kichwa: tunajua sisi tu, na hatuambii mtu mwingine.