Mzizi Uliochemshwa Mara Mbili: Risala ya Waganga wa Mbalizi

Mgeni rasmi, Bwana Mganga Mkuu wa Jimbo, Jumbe wetu, wazee na akina mama:

KARIBU KWETU

Sisi waganga wa miti shamba wa Mbalizi tunakukaribisha kwa heshima zote. Ukituhesabu utatukuta kumi na wanne. Tulikuwa kumi na watano. Mwenzetu Bi Rozalia yumo mahabusu Mbeya kwa wiki ya tatu sasa, na ndiye aliyetufanya tukuandikie uje.

TULIKOTOKA

Chama chetu kilianza mwaka 1951 kwa sharti moja: mganga hunywa dawa yake kwanza, mbele ya mgonjwa. Bi Rozalia, mzaliwa wa Kalenga aliyeolewa hapa, ametibu baridi yabisi kwa mzizi mmoja miaka ishirini, na kila mara amekunywa kwanza. Mzee Sedekia, aliyeketi pale mbele, aliletwa kwake kwa machela. Leo amekuja kwa miguu yake.

Mwaka jana serikali ilipotaka dawa zetu zipimwe kwa sungura kama zina sumu, tulikubali. Mwenzetu Bibi Lea peke yake alituchekesha: "Na huyo sungura, naye magoti yanamuuma?" Lakini hata yeye alitoa dawa yake.

KOSA LETU

Karatasi za maelezo zilizokwenda na dawa kwa wapimaji niliziandika mimi, Isihaka bin Alawi, katibu. Nilijifunza kusoma darasa la jioni nikiwa na miaka hamsini na miwili, na hati yangu husifiwa mpaka bomani. Bi Rozalia hajui kusoma. Aliniambia, "Andika, baba: uchemshwe mara mbili." Nikaandika hivyo hivyo, nikamsomea, naye akatia dole gumba chini ya maneno yangu.

Bwana Mganga Mkuu, kwetu kuchemsha mara mbili ni kuchemsha, kumwaga maji yote, kuuosha mzizi, kisha kutia maji mapya. Maji ya kwanza hapewi hata mbwa. Jambo hili kila mtu hapa analijua, ndiyo maana sikuliandika. Wapimaji walifuata karatasi: walichemsha, wakaacha dawa ipoe, wakachemsha tena maji yale yale. Sungura wote sita walikufa. Wapimaji hawakukosa.

Askari walipokuja kumchukua Bi Rozalia kwa kosa la kugawa sumu, alinigeukia mbele za watu. "Wee mzee, si ulinisomea ukasema imenyooka?"

HATARI ILIYOPO

Hatusemi mzizi ule hauna sumu. Unayo, na Bi Rozalia ndiye ajuaye kuitoa. Tangu azuiwe, wagonjwa wanachimba na kuchemsha wenyewe kwa kificho. Juma lililopita Mika, mkulima wa mpunga wa Ubaruku, alikunywa maji ya kwanza. Ulimi ulikufa ganzi, akaanguka. Yu hai, lakini jembe halishiki. Hatujui nani atafuata.

Na Jumatatu Bi Rozalia anasimamishwa mbele ya hakimu. Ushahidi ni karatasi yangu.

OMBI

Hatuombi jengo wala vyeti. Mezani pako pana mzizi, masufuria mawili na maji. Sungura sita wamo kapuni. Tunaomba umwite Bi Rozalia kabla ya Jumatatu, achemshe mbele ya macho yako, na dawa ipimwe upya. Kwa sharti la chama chetu, mwenye dawa hunywa kwanza. Safari hii tumekubaliana kwamba atakayetangulia, kabla yake na kabla ya sungura, ni mimi.

Karatasi mpya nimekwisha kuiandika. Maneno "maji ya kwanza yamwagwe" yamo mara tatu. Chini yake nimeacha nafasi ya dole gumba lake, na juu ya nafasi hiyo nimetia sahihi yangu, ili kosa likionekana tena ijulikane ni mkono wa nani ulioliandika.

Mungu akulinde njiani, akupe na subira ya kungoja maji yachemke.

Ni sisi,
Chama cha Waganga wa Miti Shamba, Mbalizi,
watu kumi na watano.