Historia ya Marehemu Aikande Pallangyo, Aliyefia Pemba Akiwa Kazini

Mchungaji kiongozi wa usharika, wazee wa kanisa, wazee wa ukoo wa Pallangyo na wa ukoo wa Nnko, majirani wa Akeri, wenzetu mliotoka Tengeru, Sombetini na mjini Arusha, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wageni wetu mliokalishwa kule nyuma kwenye turubai la mwisho, asalaam aleikum. Mimi ni Mwalimu Hanna Nnko, mdogo wake marehemu, ndimi niliyemfuata ziwa, na nimechaguliwa kusoma kwa sababu nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na sauti yangu haihitaji kipaza sauti.

Kabla sijaanza niseme jambo. Juzi Jumatano kikao cha familia kilikaa hapa hapa uwanjani, kikakubaliana kwamba historia ya dada yangu isomwe kwa kifupi, kazi yake itajwe kuwa mkulima, na mahali alipofariki pasemwe ni nyumbani Akeri, ili, kama alivyosema Baba Mkubwa Daniel aliyeongoza kikao, ukoo usijitie aibu mbele za watu. Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nalia. Leo silii, nina hasira, na historia ya mtu husomwa mara moja tu mbele ya jeneza lake, haina marudio, kwa hiyo sitasimama hapa kumsemea uongo Aikande akiwa amelala mbele yangu asiweze kujibu. Nitasoma yaliyotokea, na ambaye hataki kuyasikia, njia ya kwenda barabarani anaijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Akeri, wilaya ya Arumeru, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Philemoni Nnko na mama yetu Eunike, ambao wote wametangulia mbele za haki, akabatizwa Pasaka ya mwaka ule ule. Alipopata akili baba alimpa kazi ya kufukuza ndege kwenye ulezi, na kila jioni ulezi ulikutwa umeliwa, kwa sababu badala ya kuwafukuza alikuwa anajilaza chini kwenye majani anawatazama, akachapwa, kesho yake akarudi akawatazama tena, mpaka baba akachoka akanipa mimi ile kazi. Mimi niliwafukuza vizuri sana, na hadi leo sijui kutofautisha kurumbiza na shomoro.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, na elimu ya sekondari kuanzia 1986 hadi 1989. Mwaka 1984, akiwa darasa la sita, walipelekwa maziwa ya Momella kuwaona ndege aina ya heroe, watoto wote wakapanda lori kurudi, yeye akabaki amesimama ukingoni, na mwalimu aliyerudi kumtafuta alisimulia kwamba alimkuta anaongea nao. Nyumbani tulicheka wiki nzima.

Alianza kazi mwezi Februari 1990 katika hoteli moja ya wageni karibu na Momella, akifua mashuka na baadaye akipokea wageni, na hapo ndipo alipowaona kwa mara ya kwanza watu wazima waliovuka bahari kuja kutazama ndege, wala hakuna aliyewachapa. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa takatifu na Emmanuel Pallangyo, fundi wa magari, ambaye mnamwona hapa mbele, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Calvin aliyezaliwa tarehe 9 Julai 1996 na Brenda aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1999. Waliishi Sombetini kwenye nyumba waliyoijenga wenyewe tofali kwa tofali, kisha mwaka 2008 wakahamia hapa Akeri, wakapanda migomba na kahawa, na hapo nawapa haki yao waliosema aandikwe mkulima, maana migomba ile yote niliyoiona imefungiwa mbuzi wa kamati ya mazishi ni mkono wake.

Lakini ukulima haukuwa kazi yake. Kuanzia mwaka 1997 aliajiriwa na kampuni moja ya utalii mjini Arusha, wakamweka ofisini kupokea simu, na mwaka 2006, baada ya kusomea uongozaji watalii na kufaulu, akaomba apewe wageni awapeleke porini, akaambiwa mama mwenye watoto hafai kulala hemani. Aliomba tena mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata, akijibiwa yale yale, mpaka mwezi Juni 2010 alipotokea mgeni mmoja aliyetaka kwenda kisiwa cha Pemba kumtafuta ninga wa Pemba, njiwa wa kijani asiyepatikana mahali pengine popote duniani, na madereva wote wakakataa kwa kuogopa boti. Dada yangu alikuwa hajawahi kuiona bahari hata siku moja. Alisema ataenda yeye.

Alikwenda akarudi mtu mwingine. Alituambia habari za msitu wa Ngezi, jinsi miti ilivyofungana na ndege wanavyolia humo, akatuambia habari za Ras Mkumbuu, ambako kuna msikiti wa kale uliobaki kuta na mihrabu, na makaburi yenye nguzo, na kwamba watu waliojenga pale walikuwa wakifanya biashara na nchi za mbali wakati sisi huku mlimani hatujui babu zetu walikuwa wanalala wapi. Alisimulia akiwa amesimama, chai imepoa, na shemeji Emmanuel akauliza kama kuta zilizoanguka ndizo zilizomweka siku kumi na mbili. Akamjibu kwamba ndizo, na kwamba mara ijayo atakaa zaidi.

Mwaka 2013 aliacha kazi ya simu, akaanzisha safari zake mwenyewe, na hapa ndipo maneno ya watu yalipoanza, kwa sababu hakuwachukua wazungu. Aliwachukua akina mama wa sokoni Tengeru, walimu, wanakwaya, wakulima wa kahawa waliouza vizuri mwaka ule, akawaambia na wao wana macho. Nimeyasikia mliyosema, nami nawarudishia leo, maana mzungu akitoka kwao kuja kuutazama Mlima Meru tunamwita mtalii na tunamchinjia kuku, lakini Mmeru akitoka hapa kwenda kuutazama msikiti wa kale wa Pemba tunamwita mzururaji. Mama mwenye nyumba yake, mlisema, anafuata nini kisiwani, na wengine mkamjibia, mkasema amebadili dini, mkasema ana mume mwingine kule.

Baba Mkubwa, nimekuona unanionesha saa, shikamoo, saa ninayo na mimi, na bado niko mwaka 2013.

Safari ya kwanza aliyoiongoza peke yake ilikuwa ya tarehe 24 Agosti mwaka huo, na alikosea kosa ambalo ni sisi watu wa mlimani tu tunaoweza kulikosea. Aliwapeleka wageni wake Ras Mkumbuu kwa boti asubuhi maji yamejaa, akamwambia nahodha awasubiri, wakazunguka magofu, wakala, wakaimba pambio mbili, na waliporudi ufukweni bahari haikuwepo. Boti ilikuwa imekaa kwenye tope kama gari bovu, maji yameondoka yako kule mbali, na dada yangu, aliyezoea maziwa ya Momella ambayo ukiyaacha asubuhi unayakuta jioni, akamgeukia nahodha akamuuliza nani ameyafungulia. Walivua viatu wakatembea kwenye tope mpaka kwenye nyumba za watu, mama mmoja wa kwaya akiwa amebebwa mgongoni, na mwenye nyumba ya kwanza, Bi Mize Shaame, aliwatazama walivyochafuka, akawaambia, "Kwani nyie wa mlimani mwaona bahari ni bwawa?" Kisha akawachemshia maji ya kuoga na muhogo wa nazi, akawalaza. Tangu siku ile Aikande hakupanga safari bila kumpigia simu Bi Mize kuuliza maji yanajaa lini na yanakupwa lini, na miaka kumi na miwili kila alipokwenda Pemba alilala kwake. Huyo mume mwingine mliyekuwa mnamsema ni yule mama mtu mzima pale nyuma, mwenye kanga ya bluu.

Shemeji Emmanuel ameniambia asubuhi hii, mbele ya watoto wake, nisome yote, hata alipokosea yeye, kwa hiyo nasoma. Mwaka 2014, baada ya kusemwa sana gereji, aliichukua darubini ya mke wake akaiuza, na Aikande hakugombana, alikwenda Pemba bila darubini, akawatazama ndege kwa macho, akarudi akapika kama kawaida. Mwaka 2016 shemeji mwenyewe alipanda boti kwenda kujionea, akatapika kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Mkoani, akafika hana nguvu, Bi Mize akamnywesha uji wa pilipili manga, na siku ya tatu alikuwa Ngezi, shingo imekakamaa, anabishana na mke wake kama yule juu ya mti ni ninga au ni jani. Aliporudi alimnunulia darubini nyingine nzuri kuliko ile, na tangu hapo hakuna mtu aliyethubutu kumwambia jambo kuhusu mke wake akiwa karibu na spana.

Marehemu alianza kuumwa mwishoni mwa mwaka 2023, na tarehe 8 Februari 2024 katika hospitali ya rufaa Moshi aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa pale kwa zaidi ya mwaka, na mwezi Aprili mwaka huu wa 2025 madaktari walimwambia kwa upole kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Alikuwa na kundi la walimu kutoka Tengeru lililokwisha kupangiwa safari ya mwezi Mei. Kikao kiliitishwa kumkataza, mlimwambia mgonjwa hafi ugenini, mtu hufia kwake, na yeye, akiwa amejifunga shuka kiunoni kwa maumivu, aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akasema, "Nimewasikia wazee wangu, asanteni. Hapa kitandani nitakufa vilevile, ila nitakuwa natazama dari." Brenda akapanga mizigo.

Waliondoka Jumanne tarehe 27 Mei. Pale Ras Mkumbuu hakuweza kutembea, Bi Mize na wanawe walimbeba kwenye kiti, wakamweka kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, na akiwa amekaa kwenye kile kiti aliwaeleza walimu wale kila kitu, mihrabu, kisima, makaburi, bila kuharakisha, na kila aliposhikwa na maumivu alinyamaza, wakamngoja, akaendelea. Kesho yake walimpeleka Ngezi, na Brenda ananiambia ninga walikuja. Jumapili alizidiwa, akalazwa hospitali ya Chake Chake, na alfajiri ya Jumatatu tarehe 2 Juni 2025 alifariki dunia, mkono mmoja umeshikwa na binti yake na mwingine umeshikwa na Bi Mize. Hakufariki Akeri. Hakutelekezwa, hakupotea, hakufia njiani kama mnavyonong'ona jikoni, alifia mahali alipopachagua mwenyewe, na kama hiyo ndiyo aibu ya ukoo basi mimi naiomba aibu kama hiyo siku yangu ikifika.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani, na hapa pia niliambiwa nipunguze majina, sitapunguza. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Moshi waliomwambia ukweli, na daktari wa zamu na wauguzi wa Chake Chake waliokesha naye wakamwita mama. Tunawashukuru majirani wa Akeri kwa kuni, maji, migomba na usiku mliolala nje na baridi hii ya Juni, waongoza watalii wenzake wa Arusha waliokuja na magari, na walimu wa Tengeru, ambao wamekatiza safari yao kumsindikiza dada yangu kwenye boti na barabarani, wakikaa na jeneza kwa zamu.

Na tunawashukuru watu wa Pemba. Waliosha mwili wake, wakamvisha gauni lake la kanisani kama Brenda alivyowaelekeza, wakatafuta mbao na fundi, wakalibeba jeneza hadi bandarini kwa miguu, na Bi Mize Shaame, ambaye ana magoti mabovu na hajawahi kutoka kisiwani, ameiacha Idi yake na wajukuu zake, amesafiri naye hadi hapa, nasi tukampa kiti cha plastiki kwenye turubai la mwisho. Katika ratiba ya mashada wageni wa Pemba wamewekwa mwisho kabisa, baada ya wawakilishi wa vyama. Shemeji Emmanuel na mimi tumeibadilisha. Bi Mize ataweka shada na sisi, ndugu wa tumbo moja, na kama ukoo una neno, uniletee mimi baada ya kuzika. Calvin, mwanangu, nenda kamshike Bi Mize mkono umlete mama yako mbele, tutasubiri.

Aikande, dada yangu, umeitwa mwongoza watalii mbele ya mchungaji na mbele ya ukoo, na imetajwa Pemba, na wote wamesikia. Pumzika kwa amani, maneno ya watu niachie mimi.