Anayeshika Upande wa Asumani

Benchi la Mwavita lipo Alunguli, pale njia inapoanza kuteremka kwenda mtoni, na tangu lipigwe misumari halijakaliwa na mtu mwenye haraka. Mwavita anauza kahawa ya tangawizi, na wateja wake hununua kikombe kimoja wakakaa nacho alasiri nzima bila aibu. Yupo Hamadi, wanayemwita Redio, kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Yupo Michel, karani wa zamani, wanayemwita Abakosti kwa ajili ya koti lake la chama lililobaki na kifungo kimoja, na kwa sababu jina la Michel, kama majina yote ya kizungu, serikali ilishalikataza pamoja na tai. Na yupo Bulaimu seremala, ambaye siku hiyo alikaa pembeni, virungu sita vya mbao chini ya miguu yake, mikono ameibana kwapani kana kwamba anasikia baridi. Mji mzima wa Kindu ulikuwa unatoka jasho.

— Fundi, kunywa kahawa, alisema Redio. Toka jana hausemi.

— Ninakunywa.

— Kikombe ingali inajaa. Unakunywa na macho?

Hakucheka mtu. Jana wote walikuwa hapa, wote waliona, na leo kila mmoja alikuja mapema kuliko kawaida yake ili asipitwe na maneno.

Virungu hivyo Bulaimu alivichonga mwenyewe: shingo nyembamba, tumbo nene, ukikiona kimoja utadhani ni mchi uliofunzwa adabu. Mchezo wake aliuleta Asumani, shemeji yake, mume wa dada yake Hawa, aliyeuokota Lubumbashi kwa watu wa maonyesho. Asumani alimfundisha polepole. Kwanza kirungu kimoja, kizunguke hewani mara moja tu na shingo irudi mkononi. Kisha viwili, cha pili kiondoke wakati cha kwanza kimefika juu. Kisha vitatu, na hapo Bulaimu alipigwa usoni na virungu vyake mwenyewe mpaka Hawa akadhani wanagombana. Mwisho ndiyo kurushiana: watu wawili wanasimama uso kwa uso, kila mmoja na vitatu, wanahesabu pamoja, na kila wakifika nne mkono wa kulia unampelekea mwenzio kirungu kwenye mkono wake wa kushoto. Huangalii mikono yake. Unamwangalia usoni, unarusha pale mkono wake utakapokuwa, unamwachia yeye mengine.

Walipendeza, wallahi. Kundi la animasio la mtaa, lile la kuimba na kucheza kwa sifa za chama, lilipowaona likawachukua wacheze mbele ya komisere, mkuu wa serikali pale mjini, siku ya chama. Halafu Asumani akavuka mto kwenda sokoni, mvua ikawakuta katikati, mtumbwi ukapinduka. Wenzake wote waliokotwa, wazima na wafu. Yeye hakuonekana, hata kofia yake. Na hapo ndipo penye shida, maana shehe alisema bila maiti wangoje kwanza. Mama mkwe wa Hawa anataka akae eda. Hawa anasema atakaa siku atakapoambiwa kweli kwamba mumewe amekufa, na kila magharibi anambakizia sahani ya chakula. Asubuhi anawapa kuku.

Komisere hakuwa na habari za eda. Siku ya chama ilikuwa inakaribia, na kundi lisilotoa mchezo wake lingeulizwa kwa nini halikipendi chama. Ikabidi Bulaimu atafute mtu mwingine, akampata Gérard, fundi baiskeli aliyetoka Lubutu juzijuzi, hajui mtu wala nyumba. Jina lake nalo walilitaja kwa sauti ya chini. Hakufundishika! Kirungu kimoja kilimtoroka, viwili vilimfukuza. Jana, kwa kukata tamaa, Bulaimu alimsimamisha kwenye uwanja ulio mbele ya benchi, mahali alipokuwa akisimama Asumani, upande wa mto, akampa vitatu ajaribu tu.

— Na alishika, alisema Abakosti.

— Alishika yote, alisema Redio. Muntu hajui kushika kimoja!

— Ngoja. Miye nimefikiri. Abakosti alijiweka sawa kama mtu aliye ofisini. Asumani alikuwa na kidole ilivunjwa na kamba ya bato, kule bandari ya muto. Alikuwa anashikia chini, hapa kwa kiuno. Fundi amezoea kumurushia kwa kiuno. Sasa Gérard angeshikia wapi, kwa sikio?

Bulaimu alimshukuru moyoni. Lilikuwa neno la akili, na alilihitaji.

— Muzuri, akasema Redio. Na kuchelewa? Asumani alikuwa anakawia kidogo kabla ya kurudisha. Gérard alikawia vile vile.

— Alikuwa anaogopa. Mwenye kuogopa anakawia.

— Na kusema «Twaa, shemeji», kama Asumani kila akirusha?

Mwavita, aliyekuwa anamimina, akasimamisha birika. Bulaimu aliyasikia maneno hayo jana kwa masikio yake. Sauti haikuwa ya Asumani. Ilikuwa ya Gérard mwenyewe, nzito, ya Lubutu, na hilo ndilo lililomtia hofu. Ingekuwa ya Asumani angesema ni masikio yake yanamkumbuka marehemu, na hata hilo neno marehemu alikuwa haruhusiwi kulisema nyumbani kwa dada yake.

— Alisikia kwa watu, alisema Abakosti, lakini polepole.

— Watu gani? Weye unamwita Fundi shemeji? Miye namwita shemeji? Redio akasogea mbele. Nisikilizeni. Asumani hakukufa. Maji ilimutupa kule chini, akatoka, akapita pori mpaka Lubutu. Huyu Gérard njo alitumwa naye. Alifundishwa kule kule, hapa anajifanya mujinga.

— Atumwe kufanya nini?

— Kuangalia kama bibi yake angali anamungoja.

— Ao, Abakosti aliinama, sauti ikapotea nusu, ao aliokotwa na wale askari wenye bato ya moteri. Kuna watu wanaokotwa, na hawarudishwe.

— Nyamaza, baba! Redio akamkatiza.

Wote wakageuka kutazama njia. Ilikuwa tupu. Abakosti akafunga kifungo chake kimoja.

— Nyinyi munaenda mbali, alisema Mwavita. Mamba-muntu njo alimukamata. Yule mwanamuke wa maji anapenda wanaume wenye mikono myepesi. Alasiri anamuachilia kidogo, aje acheze, kisha anamuvuta tena. Mbona anakuja tu pale upande wa mto?

— Basi Gérard haiko Gérard, Redio akadakia. Mulikwisha kumuona anakula?

— Jana alimaliza mandazi yangu, alisema Mwavita, na akauliza kama kuna ingine.

— Aa. Redio akafikiri. Hata hivyo.

Hapo walicheka, kicheko kifupi, kikaisha kabla hakijawasaidia. Bulaimu akatoa mikono kwapani.

— Kuna kitu hamukuona, alisema.

Redio akamgeukia.

— Ile ya mwisho, ya kupitisha kirungu nyuma ya mugongo. Muliona Gérard aliifanya, mukapiga makofi. Mulifikiri nilimufundisha. Sikumufundisha. Ile tulikuwa tunaifanyia uani kwangu, miye na Asumani, mulango umefungwa. Tulitaka kuwashangaza siku ya chama. Hawa mwenyewe hajaiona.

— Ee Mola, alisema Mwavita, akaketi juu ya gunia lake la makaa.

— Nilimuangalia usoni kama inavyotakiwa. Alikuwa haniangalii miye. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, juu, kule kwa nyumba ya Hawa. Na nilifurahi. Njo kitu kinaniogopesha, nawaambia ukweli. Sikutaka tuache. Nilisema moyoni, haya, tuendelee tu, hata kama ni nani.

Hapo Gérard mwenyewe akafika akikokota baiskeli. Aliwasalimu, akakaa ncha ya benchi, mbali kidogo na wenzake. Macho yalikuwa mekundu.

— Fundi, utafute muntu mwingine. Miye pale sisimame tena.

— Kwa nini?

— Mikono yangu. Toka jana inanuka maji ya muto. Nimenawa na sabuni, nimenawa na ndimu, nimeshika grisi ya baiskeli asubuhi nzima. Musikie wenyewe.

Akainyoosha. Redio alikuwa karibu, akainama, akanusa. Alipoinua kichwa hakuwa na habari ya kumpa mtu. Akajifuta pua na kusogea.

Ndipo Hawa alipotokea kwenye njia. Wanawake hawasimami penye benchi lile, hupita upande wa pili na kusalimu kwa mbali. Yeye alikuja moja kwa moja, amejifunga kikwembe chake cha kila siku, si nguo za eda, akasimama mbele ya kaka yake.

— Salamu aleikum.

— Aleikum salamu, waliitika wote, kama wanafunzi.

— Kaka, mbona hukuniambia?

— Ningekuambia nini, dada?

— Kwamba amekuja.

Bulaimu alitamani ardhi impokee. Akainama, akaanza kupanga virungu ambavyo vilikuwa vimepangwa.

— Watu wanasema mengi, Hawa. Usisikilize benchi.

— Siulizi benchi. Nakuuliza weye, mutoto wa mama. Weye njo ulirusha, weye njo ulirudishiwa. Yule alikurudishia, iko mufu ao muzima?

— Hawa…

— Mama mukwe ameshaniletea nguo nyeupe, ameitandika kwa kitanda yangu. Nikiivaa naye iko muzima, nitakuwa nimemuzika na mukono yangu. Nikiendelea kumubakizia chakula naye iko mufu, pengine miye njo ninamuzuia kupumzika. Uniambie tu. Vyovyote utasema, nitafanya.

Bulaimu alitafuta jibu, lolote, hata la uongo, na aliona kwamba la uongo lingekaa naye maisha yake yote. Akamwonea huruma dada yake.

— Sijui, dada. Wallahi sijui.

Hawa akatikisa kichwa kukubali. Alitazama uwanja, pale upande wa mto, vumbi tupu lenye alama za nyayo.

— Basi kesho mukirushiana, umuulize. Umuambie Hawa anauliza kama apike.

Kisha akamgeukia Gérard, akapiga goti kidogo kama anavyosalimiwa mkubwa, ingawa huenda walilingana umri.

— Na weye, baba, nakuomba. Usimame pale mara moja tena tu. Kwa ajili yangu.

Gérard alitazama mikono yake, kiganja, kisha mgongo wa kiganja. Kila mtu alidhani atakataa.

— Nitasimama, mama, alisema.

— Mungu akubariki.

— Nitasimama. Lakini nauliza. Aliwatazama mmoja mmoja, Redio, Abakosti, Mwavita, mwisho Bulaimu. Akijibu na kinywa yangu, wakati ule, miye nitakuwa wapi?

Abakosti alitazama ndani ya kikombe chake kitupu. Mwavita aliinua birika amimine, akalitikisa, akaliweka chini. Bulaimu alibaki na kirungu kimoja mkononi.