Kila Mtoto na Ubeti Wake

Ndugu waombolezaji, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, kazi hii nimepewa na familia, mnivumilie sauti ikikatika.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Kariri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa seremala, akasoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, kisha sekondari, kisha chuo cha ualimu alikohitimu Novemba 1970.

Januari 1971 alianza kufundisha darasa la pili, kazi aliyoifanya miaka thelathini na tano, na humo ndimo alimotunga mashairi ya watoto yapatayo mia mbili, wala hakuandika hata moja, kwa kuwa aliamini shairi likiingia daftarini linatoka kichwani, hivyo kila mtoto alipewa ubeti mmoja wa kukariri, ubeti wako ni wako, ole wako uusahau, na shairi zima lilipatikana darasa likisimama pamoja.

Tarehe 10 Agosti 1974 alifunga ndoa na baba yetu, mpiga chapa, aliyechapa kadi za harusi za mtaa mzima asichape hata mstari mmoja wa mkewe, na si kwamba hakubembeleza, jamani, alibembeleza mpaka anaingia kaburini mwaka 2009. Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1976 na mdogo wangu mwaka 1979.

Tarehe 3 Februari 2021 mama alipata kiharusi, akapoteza usemi, nasi tukakumbuka shuka kumekucha, tukazunguka na daftari kwa wanafunzi wake wa zamani, muuguzi akatupa ubeti wa kwanza wa shairi la kunguru, kinyozi akatupa wa tatu, wa pili alikuwa nao mtu aliyekwisha kufariki, na mashairi karibu yote yakawa hivyo. Lililokaribia kutimia ni moja tu, la jino linalong'oka, ambalo ubeti wake wa mwisho nilipewa mimi, nikiwa darasani kwake. Tulimsomea kitandani, tulipofika kwangu akainua kidole kama alivyozoea, akanisubiri, akanisubiri, nikababaika tu, mtoto wa kumzaa mwenyewe, akashusha kidole akageukia ukutani.

Alifariki tarehe 19 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliompikia uji na kumfulia mashuka, na walimu wenzake ambao hawakuacha kuja hata alipokuwa hawezi kuwaitikia.

Kwenye ratiba mliyogawiwa imeandikwa kwamba nikimaliza, wanafunzi wake wa zamani watasimama waghani shairi la jino. Nawaomba mkae. Ubeti wa mwisho haupo, na aliyeupoteza ndiye huyu anayewasomea.

Pumzika kwa amani, Mama, mimi amani hiyo sina.