Mama Elisifa na Siku Aliyowafungia Wageni Wote

Tarehe 30 Juni Mama Elisifa anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kampuni yetu ya kupandisha wageni mlimani. Alianza na mashine ya taipu, akaishia mkuu wa kompyuta, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuweka kikombe cha chai karibu na seva zake. Mema yake mnayajua wenyewe. Lakini mimi Monica wa mapokezi siwezi kumuaga bila kulisema lile la Julai iliyopita.

Anayefungua tovuti yetu hupokewa na seva ya mbele, nayo hupeleka ombi lake kwa seva ya nyuma inayopanga safari. Siku hiyo tulivamiwa na maelfu ya maombi ya uongo. Mama akachungulia seva ya nyuma, akaona yote yanatoka anwani moja ya mtandao. Akaifungia, akaagiza maandazi ya ofisi nzima. Maombi yakakoma kabisa, nasi tukala kwa amani, jamani.

Kumbe anwani ile ilikuwa ya seva yetu wenyewe ya mbele! Kila mgeni, mwema kwa mwovu, alifikishwa nyuma kwa anwani hiyo hiyo. Tulikuwa tumeifungia nje dunia nzima, tena msimu wa kupanda, na wapagazi wa Marangu wanasubiri kazi. Bosi Ketan hakugomba. Alisema tu kwamba mambo yasipokaa sawa kufikia kesho, ataita mafundi wa Dar, na Mama atapumzika mapema.

Jioni Mama alipita Kirua Vunjo kumwona wifi yake aliyejifungua. Akakuta jirani mmoja anashukuriwa kwa maziwa na ndizi za majirani wote, maana ndiye aliyetumwa kuvileta, akavitua bila kutaja nani katoa nini. Mkungu mmoja ulikuwa wa Mama, basi akawaka. "Ukitumwa, sema umetumwa na nani!" Maneno yake mwenyewe yakamgutusha, akaaga, akarudi kazini bila hata kuonja mtori wa ndizi.

Kulipokucha, seva ya mbele ilikuwa inataja anwani halisi ya kila mgeni, na ya nyuma imeagizwa kuiamini hiyo ya mbele tu, maana mjanja yeyote anaweza kujipachika anwani ya mwenzake. Mvamizi akafungiwa peke yake. Kundi la kwanza lilipojiandikisha Mama alilia, kisha akasingizia vitunguu, ofisini!

Ahsante, Mama, tunakupenda. Mungu akupe afya, na migomba yako istawi. Tunajua utaendelea kuingia kwenye tovuti kukagua tunaharibu nini. Ingia tu. Kwa kazi uliyoifanya, ukipiga hodi tutajua ni wewe.